Maana, Mzigo na Sonona: Kazimoto wa Kichwamaji na Wanyonge wa River Road

Utangulizi

Uhakiki wa riwaya ya Kiswahili umezoea kumwendea Kazimoto, mhusika mkuu wa Kichwamaji (1974) ya Euphrase Kezilahabi, kwa njia mbili. Njia ya kwanza humfanya mwanafalsafa. Humtazama kama ndugu wa wahusika wa Albert Camus na Jean-Paul Sartre, mtu aliyeuliza kama maisha yana maana, akaona hayana, akajiondoa duniani kwa mujibu wa hoja yake mwenyewe. Njia ya pili humfanya kielelezo cha kijamii, yaani msomi aliyekatwa mizizi na elimu ya kigeni, asiyefaa kijijini wala mjini. Njia hii ya pili ilipata nguvu katika miaka ya Ujamaa nchini Tanzania. Wakati huo baadhi ya wahakiki walimlaumu Kezilahabi kwa kukata tamaa pale ambapo fasihi ilitarajiwa kujenga taifa.

Njia zote mbili zina ukweli, lakini zinaruka swali moja ambalo msomaji wa kawaida hujiuliza mapema sana: je, Kazimoto si mgonjwa? Anayeuliza hivyo darasani aghalabu huambiwa kwamba swali lake si la kifasihi. Makala haya yanadai kwamba ni la kifasihi, na kwamba likijibiwa kwa uangalifu linabadilisha namna ya kuisoma riwaya nzima. Hoja kuu ni kwamba katika Kichwamaji maana ya maisha haipotei kwanza katika mawazo. Hupotea katika mahusiano, na falsafa huja baadaye kuipa hasara hiyo jina. Ili kuithibitisha hoja hiyo, Kazimoto atalinganishwa na wahusika wawili wa jiji la Nairobi waliobuniwa na Meja Mwangi: Ben wa Going Down River Road (1976) na Dusman Gonzaga wa The Cockroach Dance (1979).

Ulinganisho huu unavuka mpaka wa lugha, lakini si wa kulazimishwa. Riwaya hizo tatu zilitokea katika muda wa miaka mitano tu, katika muongo ambao Nairobi ilikuwa kitovu cha uchapishaji wa Afrika Mashariki. Rosa Mistika (1971), riwaya ya kwanza ya Kezilahabi, ilitolewa na East African Literature Bureau, na Kichwamaji ikatolewa na East African Publishing House. Mashirika yote mawili yaliasisiwa Nairobi. Kazimoto ni mtu wa Ukerewe na Dar es Salaam, ila kwa miongo mingi amekuwa na makao pia katika vyumba vya mihadhara vya Nairobi, mwendo mfupi wa miguu kutoka River Road yenyewe.

Daktari wa Mathari na Madai Yake

Kabla ya kuingia katika riwaya, yafaa kukumbuka kwamba swali la kama Mwafrika aweza kuugua kwa kukosa maana lilikwisha kujibiwa Nairobi, tena kwa kukanusha, miaka ishirini na zaidi kabla ya Kichwamaji. J. C. Carothers, daktari aliyeiongoza hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari kuanzia 1938, aliandika ripoti iliyochapishwa mwaka 1953 na Shirika la Afya Duniani kuhusu akili ya Mwafrika katika afya na maradhi. Miongoni mwa madai yake ni kwamba sonona, hasa ile ya mtu kujilaumu na kujihukumu, ni nadra miongoni mwa Waafrika. Sababu aliyoitoa ilikuwa ya kifalsafa kuliko ya kitabibu. Alisema Mwafrika huishi kama sehemu ya kundi, hana hisia kamili ya kuwajibika yeye binafsi, kwa hiyo hana mahali pa kuotesha hatia. Alifika hata kumfananisha Mwafrika mzima na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo.

Frantz Fanon aliyajibu madai ya aina hiyo mwaka 1961 kwa hasira iliyostahili. Linaloihusu fasihi, hata hivyo, ni jingine. Carothers aliwahesabu watu walioletwa Mathari, na walioletwa Mathari aghalabu walikuwa wale waliosumbua wengine: waliopiga kelele, waliovunja vitu, waliookotwa barabarani na polisi. Mtu aliyekaa kimya kwenye kona ya nyumba yake, asiyekula wala kulala, hakuletwa na mtu. Daktari hakumwona, akahitimisha kwamba hayupo.

Kichwamaji yaweza kusomwa kama jibu la huyo asiyeonekana. Kezilahabi aliipa riwaya yake msimulizi wa nafsi ya kwanza, na uamuzi huo wa kifani una uzito kuliko inavyosemwa kwa kawaida. Watu wanaomzunguka Kazimoto humwona kijana msomi, mcheshi, mwenye maneno makali na mwenye bahati. Msomaji peke yake ndiye anayesikia yanayosemwa ndani. Umbali uliopo kati ya Kazimoto wa nje na Kazimoto wa ndani ndio umbali ambao takwimu za Mathari hazikuweza kuuvuka.

Maana na Mtu wa Maana

Neno maana katika Kiswahili halikai mahali pamoja. Linapozungumziwa neno au sentensi, maana ni kile kinachofahamika. Lakini mtu naye huwa na maana. Husemwa kwamba fulani ni mtu wa maana, na hapo hakuna anayefikiria tafsiri. Inafikiriwa heshima, nafasi, na mchango alio nao mtu huyo kwa wenzake. Kinyume chake, kumwambia mtu kwamba hana maana ni tusi la kukata. Mtu huyo huambiwa kwamba hatakiwi, kwamba akiwepo au asipokuwepo ni mamoja.

Kwa hiyo anayeuliza kwa Kiswahili maana ya maisha yake anauliza maswali mawili kwa pumzi moja: maisha haya yanafahamika vipi, na je, kuna yeyote ambaye kwake mimi ni mtu wa maana? Falsafa ya udhanaishi, ilivyoingia katika uhakiki wa Kiswahili, ililikazia macho swali la kwanza na kulisahau la pili. Wataalamu wa saikolojia wa siku hizi wanakaribia kuyatenganisha kwa njia yao. Kipimo kilichochapishwa mwaka 2006 na Michael Steger na wenzake hutofautisha kuwa na maana na kutafuta maana. Waliofuata njia hiyo wameona mara kwa mara kwamba anayehisi kuwa maisha yake yana maana huwa na dalili chache za sonona, ilhali kutafuta peke yake hakumkingi mtu. Pengine humkuta mtafutaji akiwa tayari ameumia. Naye Viktor Frankl, daktari kutoka Austria aliyenusurika kambi za Wanazi, alisisitiza katika kitabu chake cha 1946 kwamba mtu haulizi tu maisha yana maana gani. Maisha ndiyo yanayomuuliza yeye, naye hujibu kwa kuubeba wajibu ulio mbele yake.

Kuhusu ugonjwa wenyewe, Kiswahili kina kitenzi cha zamani, sonona, kinachotaja maumivu ya ndani ya moyo. Wataalamu wamekifanya nomino ya kutajia hali ambayo mtu hupoteza ladha ya mambo, usingizi, nguvu na heshima ya nafsi yake kwa wiki mbili au zaidi. Jijini Nairobi neno hilo halijashika mizizi mitaani. Mtu wa Kangemi au Kawangware husema ana mawazo mengi, au roho yake imechoka. Msemo huo wa mawazo mengi haupasi kudharauliwa na mhakiki. Unaweka ugonjwa kichwani, katika kufikiri kusikokoma, na kichwa ndicho Kezilahabi alichokichagua kuwa jina la riwaya yake.

Kazimoto: Msiba Kabla ya Falsafa

Riwaya inaanza na kusubiri. Kazimoto, mwanafunzi wa chuo kikuu aliyerudi nyumbani likizo, anasubiri kuonana na mkuu wa wilaya. Mkuu huyo ni Manase, mtu anayefahamiana naye tangu zamani. Tukio lenyewe ni dogo. Watu husubiri kwenye ofisi kila siku. Lakini mwandishi amelitanguliza kwa sababu lina mbegu ya yote yatakayofuata. Mtu aliyedhani kwamba ana maana kwa mwenzake anagundua kwamba kuna meza, mlango na cheo kati yao. Hapo Kazimoto hajasema neno lolote la falsafa.

Pigo la pili ni kubwa zaidi. Rukia, dada yake Kazimoto, ametiwa mimba na Manase, na mwisho wa mambo Rukia anakufa. Kazimoto hapati mahali pa kuupeleka msiba huu. Aliyemkosea ni mwenye mamlaka; sheria ni yake na ofisi ni yake. Basi huzuni inageuka kisasi, na kisasi kinatafuta njia ya mzunguko: Kazimoto anamwendea Sabina, dada yake Manase, ili amtende kama Rukia alivyotendwa. Kisha anampenda, na anamwoa.

Mijadala mizito ya riwaya hii kuhusu Mungu, kifo na thamani ya kuishi haiwezi kutenganishwa na misiba hiyo inayoizunguka. Hii haina maana kwamba Kazimoto hakuwahi kufikiri kabla ya kufiwa, wala kwamba hoja zake ni batili kwa kuwa anaumia. Mwenye homa aweza kusema kweli. Ila mhakiki anayezinyofoa hoja hizo na kuzipanga kama risala ya udhanaishi anafanya kosa la kifani: anamchukulia mhusika kama kipaza sauti cha mwandishi, na kusahau kwamba kila neno lina mahali pake katika mfuatano wa matukio. Kazimoto anasema maisha hayana maana baada ya kuonyeshwa, tukio baada ya tukio, kwamba dada yake hakuwa mtu wa maana kwa aliyemharibu.

Katika hali hiyo uhusiano wa maana na sonona si wa upande mmoja. Kupotea kwa maana humtia mtu sonona, nayo sonona ikishaingia huila maana iliyobaki. Kazimoto anapata mke anayempenda, lakini furaha inakuwa kama chakula kinywani mwa mwenye homa. Kipo, ila ladha haipo. Hali hii ndiyo inayowafanya wasomaji wengine wamwone mtu asiye na shukrani. Pengine ndiyo sehemu iliyo sahihi kuliko zote katika riwaya, kwa jinsi mwandishi alivyoielewa sonona bila kuitaja.

Mwisho unaletwa na mtoto. Mtoto wa Manase na mkewe Salima ana kichwa kikubwa kupita kiasi, na riwaya inakihusisha kichwa hicho na maradhi ya zinaa waliyobeba wazazi. Mtoto wa Kazimoto na Sabina anapozaliwa na dosari ileile, Kazimoto anauona mwili wa mtoto kama hati ya mashtaka. Yeye aliyemhukumu Manase amekuwa Manase. Anajiua.

Hapa ndipo madai ya Carothers yanapoanguka kabisa. Kinachomuua Kazimoto si kukosa hisia ya kuwajibika. Ni wingi wake. Hatia yake ni ya mtu binafsi, anayejishtaki, anayejihukumu na asiyejipa nafasi ya kukata rufaa. Hata jina la riwaya linabeba maana mbili kwa pamoja: ugonjwa wa mtoto, na kichwa cha msomi kilichojaa mawazo hadi shingo ikashindwa kukihimili.

River Road: Mzigo Usioombwa

Kutoka Kichwamaji hadi Going Down River Road msomaji anahama kutoka kwa mtu anayeuliza sana hadi kwa mtu asiyeuliza kabisa. Ben alikuwa mwanajeshi. Sasa ni kibarua katika ujenzi wa Development House katikati ya Nairobi. Hana mjadala kuhusu Mungu. Ana njaa, ana kiu ya pombe, na ana rafiki mmoja, Ocholla, kibarua mwenzake. Wajenzi hawa hupandisha ghorofa juu ya ghorofa, na jengo likikamilika hawatakuwa na sababu wala ruhusa ya kulipanda tena. Kazi isiyokuwa na maana kwa anayeifanya ni dhamira ya zamani, lakini Meja Mwangi ameipa anwani.

Dalili ambazo msomaji ameziona kwa Kazimoto zinaonekana kwa Ben pia: kuchoka kusikoondolewa na usingizi, kutojali kesho, kunywa ili kusahau. Tena Ben amepoteza mengi zaidi. Wini, mwanamke anayekaa naye, anatoweka na kumwachia mtoto ambaye si damu yake. Mtoto huyo anaitwa Baby, yaani hajapewa hata jina la kumtofautisha na watoto wengine wote. Ben anapoteza chumba. Anahamia kwa Ocholla, katika vibanda vya mabati na maboksi bondeni kando ya mto. Vibanda vinachomwa na watu wa baraza la jiji, na vinajengwa upya.

Kwa hesabu ya kawaida Ben ndiye aliyepasa kukata tamaa kwanza, lakini anabaki. Ni rahisi kusema kwamba anabaki kwa kuwa hafikiri. Ingekuwa kumrudia Carothers kwa mlango wa nyuma. Maandishi yenyewe yanaelekeza kwingine. Ben hakumtaka Baby. Hamkumbatii, hamwimbii, hasemi naye kwa upole. Lakini mtoto lazima ale, na lazima aende shule, na hakuna mwingine wa kulishughulikia jambo hilo. Kidogo kidogo siku za Ben zinapata umbo. Kuna mtu atakayeuliza amekwenda wapi. Kwa maneno ya Kiswahili, na bila mtu yeyote kulitamka, Ben amekuwa mtu wa maana kwa mtoto mmoja.

Meja Mwangi haipambi hali hiyo. Baby anatoroka shule. Ocholla anafikiwa na wake zake na watoto kutoka mashambani, na kibanda kinakuwa kidogo mno. Mzigo haumfanyi Ben awe na furaha. Unamfanya awe na jambo la kufanya kesho asubuhi, na hilo ni tofauti na furaha. Yeyote aliyewahi kutazama alfajiri watu wa Kangemi na Kawangware wakitembea kwa miguu kuelekea mjini, wakipita kando ya Waiyaki Way au katikati ya nyumba za Lavington na Kileleshwa, ameona umati wa watu ambao wengi wao wangeshindwa kueleza maana ya maisha lakini wangeweza kutaja mara moja majina ya wanaowasubiri jioni.

Dusman Gonzaga wa The Cockroach Dance anasimama katikati ya Kazimoto na Ben. Ana ulimi wa Kazimoto na chumba cha Ben. Kazi yake inahusu mita za kuegeshea magari katikati ya jiji. Anakaa Dacca House, jengo bovu la Grogan Road, barabara ambayo leo inaitwa Kirinyaga Road, na mwenye nyumba ni Tumbo Kubwa. Akili inaanza kumwelemea, naye anapelekwa kwa daktari wa akili. Mazungumzo yao ni ya kuchekesha na kuhuzunisha kwa pamoja, kwani daktari anatafuta ugonjwa ndani ya Dusman huku Dusman akijaribu kumweleza ugonjwa wa nyumba. Linalomsumbua kuliko mende ni jirani anayeishi na mkewe na mtoto katika chumba kilichokuwa bafu. Dusman anamchukia, anamwogopa, na hawezi kuacha kumfikiria.

Mabadiliko ya Dusman yanaanza pale ambapo jirani huyo anaacha kuwa kioja na kuwa mtu. Anapoanza kuwashawishi wapangaji wenzake waungane dhidi ya mwenye nyumba, mawazo mengi yanapata pa kwenda. Haijasemwa kwamba amepona. Inaonyeshwa kwamba swali lake limepata wasikilizaji, na kwamba hasira iliyokuwa ikimla ndani sasa ina kazi nje. Hili ndilo Kazimoto alilolikosa kabisa: msiba wake haukupata baraza lolote, si mahakamani, si kanisani, si chuoni. Ulibaki kichwani.

Pingamizi na Mipaka ya Hoja

Hoja kwamba maana huokoa kupitia wengine ina hatari yake, na Kezilahabi mwenyewe ndiye mpingaji mkubwa. Kazimoto hakuwa peke yake. Alikuwa na mke. Alikuwa na mtoto. Ikiwa Baby alimshikilia Ben duniani, kwa nini mtoto wa Kazimoto alimsukuma baba yake kaburini?

Jibu limo katika namna kila mmoja alivyompokea mtoto. Baby anamjia Ben kama dai: nilishe, nipeleke shule. Mtoto wa Kazimoto anamjia baba yake kama ushahidi. Dai humwelekeza mtu mbele, na ushahidi humfunga nyuma. Sonona ina hila hii, kwamba yaweza kumgeuza hata mpendwa kuwa thibitisho la ubaya wa mgonjwa. Mwenye kusononeka humwona mwanawe na kusema, angekuwa heri bila mimi. Kwa hiyo haitoshi kusema kwamba mtu akiwa na jamaa atakuwa na maana. Yafaa kuuliza jamaa hao anawaona kwa macho gani, na kama macho hayo ni yake au ni ya ugonjwa.

Vilevile Rosa wa Rosa Mistika anakataza hitimisho jepesi. Rosa alifunzwa tangu utotoni kwamba maana yake imo katika macho ya wengine: kwanza baba, kisha walimu, kisha mchumba. Charles anapomkataa kwa kuwa si bikira, Rosa anabaki bila chochote, naye anajiua. Kuwa mtu wa maana kwa wengine kunaponya pale tu ambapo hao wengine wanamtambua mtu kuwa mtu. Wanapomtambua kama mali, maana wanayompa wanaweza kuichukua tena wakati wowote. Ndiyo maana si sahihi kumhubiria msichana wa namna ya Rosa kwamba arudi katika jamii yake. Jamii ndiyo iliyomvunja.

Hatimaye, hoja hii haikusudiwi kuchukua nafasi ya tiba. Sonona ina vyanzo vya mwilini na vya kurithi pia, na wako watu wenye wajibu, wenye kupendwa na wenye imani wanaoipata, bila kosa lao. Riwaya haiwezi kumpima mgonjwa. Inaweza kuonyesha mfuatano wa mambo ambao kipimo hakiuoni.

Hitimisho

Ipo sababu ya kulisisitiza jambo hili leo. Kwa miongo mingi sheria ya Kenya, katika kifungu cha 226 cha kanuni za adhabu, ilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, wa kufungwa hata miaka miwili. Tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu jijini Nairobi iliamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Siku hiyo ilitimia miaka mitano kamili tangu kifo cha Kezilahabi, aliyefariki Dar es Salaam tarehe 9 Januari 2020. Ni sadfa tu, lakini ni sadfa inayofaa kumfikirisha mhakiki. Sheria iliacha kumwita Kazimoto mkosaji kabla ya uhakiki haujaacha.

Kwani uhakiki nao una mashtaka yake. Ule uliomlaumu Kazimoto kwa kukata tamaa ulimtendea kama mshtakiwa. Ule uliomsifu kwa ujasiri wa kifalsafa ulifanya jambo la hatari kubwa zaidi, kwa kuwa uliwafundisha vijana, ambao baadhi yao walikuwa wameketi darasani na mawazo yaleyale, kwamba kujiua ni hitimisho la mtu anayefikiri hadi mwisho. Kichwamaji haisemi hivyo. Kazimoto hafikiri hadi mwisho. Anakatizwa na hatia kabla hajafika. Swali lake kuhusu maana lilistahili kuendelea, na lingeweza kuendelea lau lingetolewa kichwani na kuwekwa mbele ya watu, kama la Dusman, au likawekewa kando kwa muda na kazi ya kumlisha mtoto, kama la Ben.

Anayeifundisha riwaya hii hana sababu ya kuchagua kati ya falsafa na ugonjwa. Ana sababu ya kuuliza kwa utaratibu: nini kilitangulia, nani alisikia, na ni mlango upi ulifungwa kila Kazimoto alipokaribia. Anayesoma hivyo atagundua kwamba Kezilahabi, aliyeshutumiwa kwa kutowapa wasomaji tumaini, aliwapa kitu cha kufaa zaidi: orodha kamili ya mahali ambapo mtu mmoja angeweza kuitwa kwa jina lake, na hakuitwa.